Siku Nilipoinyamazisha Kengele ya Reli

Msinicheke. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tisa. Hakuna aliyenikatia keki wala kunipa saa ya ukutani. Ni macho tu yaliyosema basi. Nimechomelea vyuma Kariobangi miaka ishirini na moja, na minne ya mwanzo sikuwa na miwani ya maana. Daktari alinimulika ndani ya jicho na kakurunzi kake, akamulika la pili, kisha akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

Nikamwambia.

Akasema, "Ulikuwa unafanya."

Sasa nyinyi mlioingia kibandani juzi kujifunza kazi mnaniita Shosh, yaani bibi kizee, eti kwa sababu navaa miwani nyeusi hata mawingu yakitanda. Sawa. Lakini Shosh wenu bado anaota. Naota geti kubwa lenye tausi wawili, mikia yao ikikutana katikati, na mtu akifungua tausi wanaachana polepole. Sitalichomelea mimi tena. Mmoja wenu atalichomelea, nami nitakaa kwenye kiti nikimwambia amekosea shingo.

Mmeniomba niandike ninachokijua. Shule niliacha darasa la nane, kwa hivyo nitaandika jinsi ninavyoongea, mkipotea mniite.

Nianze na viazi. Ukichomelea bila kinga mchana hutasikia lolote, utatembea mtaani ukijiona shujaa. Jioni ndiyo utajua. Macho yanakuwa kama yametiwa mchanga na pilipili. Dawa yetu ilikuwa kukata kiazi kibichi vipande vyembamba na kulala navyo juu ya macho. Mimi nimekula viazi vingi kwa macho kuliko kwa mdomo. Havikunisaidia, mwaniona. Vaeni miwani, viazi vipikeni.

La pili ni kuhusu mashine. Hizi zenu mnazibeba begani kama pochi ya kwenda harusini. Yetu ilikuwa sanduku la chuma lililojaa mafuta, tukiisukuma kwa mkokoteni watu wawili, na ukiiwasha stima inashuka ploti nzima. Kulikuwa na mama mmoja ghorofa ya pili ambaye kila nikigusa rodi, kile kijiti cha kuchomelea, kwenye chuma, anatoa kichwa dirishani: "Mwende! Acha mchezo uishe kwanza!" Kwa hivyo nilijifunza kazi yangu kati ya vipindi vya televisheni.

Aliyenifundisha ni Fundi Mutiso. Kwao ni wachonga vinyago, babu mpaka baba, lakini yeye alisema mbao ina mchwa, akahamia kwenye chuma. Mikono ilibaki ya mchongaji hata hivyo. Ukimaliza mshono wako wa kuunganisha vyuma, hakuuangalia. Aliugonga na kinyundo kidogo akatega sikio, kama daktari wa kifua. Mshono mzima unalia. Mshono wenye uongo ndani unasema dub.

"Sikiliza kwanza," aliniambia siku ya kwanza. "Macho yako yatakudanganya. Unaona mshono unang'aa unafikiri ni mzuri."

Nilimsikia. Niliitikia. Miaka saba baadaye nikafanya kosa la maisha yangu kwa kutosikiliza, na nililifanya kanisani.

Mnakijua kile kikanisa cha mawe, cha mtaa wa nyumba za reli, tukitoka soko la Burma kuelekea huku. Mnapita pale mkidhani ni stoo. Ni kidogo, mabati yake ni yale mazito ya zamani, hata mlango wake wa mbele ni mfupi, mtu mrefu lazima ainame. Nilikuwa nikienda kurekebisha madirisha yake. Ni ya chuma, yale ya vioo vidogo vidogo, na kwenye bawaba zake ukipangusa rangi unakuta alama za mafundi wa karakana ya reli, kila mtu na nukta zake: mmoja tatu, mwingine tano, mwingine msalaba mdogo. Nilizipenda sana. Nilikuwa naweka kidole juu ya nukta tatu na kumsalimia mwenyewe.

Nje ya kanisa, kando ya mlango, palikuwa na kipande cha reli, kirefu kama mimi na nusu, kimening'inia kwa waya juu ya mwamba wa mbao uliochoka. Hiyo ndiyo kengele yao. Kila saa sita mchana ilipigwa kwa nyundo, tatu, kimya, tatu, kimya, tatu, halafu nyingi mfululizo. Watu mtaani walisimamisha walichokuwa wakifanya. Hata wasio Wakatoliki. Fundi wa viatu pale kona ni Muislamu, na yeye alijua hapo ndipo pa kufunga na kwenda kula.

Asubuhi moja Fada, padre wa pale, alinipigia simu. Waya ulikuwa umekatwa nusu. Mlinzi aliwakurupusha wezi wa vyuma chakavu wakiwa na msumeno, na wakiondoka mmoja alimwambia, "Tutarudi, mzee, usijali."

"Mwende," Fada akaniambia, "wakija tena hatutakuwa na kengele. Unaweza kuiweka mahali isitoke?"

Mimi? Nilikuwa na miaka ishirini na tano, na moyo wote ulikuwa unawaka kama rodi. Nilisema nitaifanya bure, zawadi yangu kwa kanisa. Fundi Mutiso alikuwa amesafiri Machakos kwenye mazishi. Nilisimika nguzo mbili za bomba nene nikazimwagia zege, nikalaza chuma juu yake, halafu nikaisimamisha ile reli katikati na kuichomelea. Juu niliichomelea. Ubavuni, huku na huku, niliibana kwa vyuma kwenye nguzo nikavichomelea. Ilikuwa na kitobo kwenye ubavu, robo hivi kutoka juu, pale waya ulipopita. Nilikiona kibaya. Nikakijaza na rodi nzima nikakisaga kikawa laini. Kisha nikapaka reli rangi ya fedha.

Wanangu, ule mshono. Sijawahi kuvuta mshono kama ule. Ulilala kama nywele zilizosukwa na mtu anayekupenda. Nilipiga picha. Nikamwambia mlinzi, "Hata wakija na trela, wataondoka na trela yao tu."

Kesho yake, Jumanne, nilivaa gauni nikaenda saa sita kusikiliza kazi yangu. Katekista akainua nyundo. Akapiga.

Ko.

Akaangalia nyundo. Akapiga tena.

Ko. Ko.

Mama wa mandazi ng'ambo ya barabara akainua kichwa. "Nani anabisha hodi?" akauliza.

Nilisema ni nyundo. Tukaleta nyundo nyingine. Nikasema ni rangi, nikaikwangua. Nilisema ni baridi. Nikajua moyoni si nyundo wala rangi wala baridi, lakini ule mshono nilikuwa nimeupiga picha.

Saa nane hivi akaja mama mmoja amejifunga leso kiunoni, anatembea kama mtu anayekuja kudai mwanawe. Huyo ni Mama Truphosa, mke wa Mzee Barasa. Mzee Barasa ndiye aliyekuwa mpiga kengele zaidi ya miaka arobaini, mpaka alipoanguka akavunjika nyonga. Sasa alilala kwenye chumba chao, dirisha likiangalia kanisa, na maisha yake yalikuwa yamepangwa juu ya ile reli. Ikilia saa sita, anasali sala ya Malaika wa Bwana, anakula, kisha anameza vidonge vya ugonjwa wa sukari. Hicho ndicho chakula chake kikubwa cha siku.

"Nani ameguza kengele?" Mama Truphosa akauliza.

Watu wote wakaniangalia mimi na gauni langu.

"Wewe msichana, mume wangu hajala. Namwambia saa sita imepita, ananiuliza, imepita na wapi? Namwonyesha simu, anasema simu ni ya kampuni, si ya Mungu."

"Atakula jioni, mama," nikasema.

"Vidonge haviliwi na tumbo tupu. Na yeye kichwa chake ni kile kile cha tangu anioe."

Jumatano hakula mchana. Aligusa uji wa asubuhi tu. Alhamisi vivyo hivyo, na muuguzi wa zahanati alipopita akasema sukari yake imeanza kucheza, akiendelea hivi atapelekwa hospitali, na kwa umri ule na nyonga ile, alimwambia Mama Truphosa pembeni, huenda asirudi nyumbani.

Fada ni mtu wa siku hizi. Akaleta spika ya kwaya dirishani kwa mzee, na saa sita kamili akacheza kengele kutoka kwenye simu. Kengele kubwa, nzito, ya shaba, ile ya kanisa kuu katika filamu. Ding, dong. Nilikuwa pale nje nikiomba ifanye kazi ili nisiuguse mshono wangu.

Sauti ya mzee ikatoka ndani, nyembamba lakini ina meno. "Zimeni hiyo. Hiyo ni ya wazungu. Nimeisikia nikiwa mtoto, tukiwa tumesimama nje."

Mama Truphosa akanifungulia mlango. "Ingia. Anataka kumuona aliyeiua."

Niliingia nikakaa kwenye ukingo wa kiti. Mzee Barasa alikuwa mdogo kitandani kama koti lililotundikwa. Lakini macho, wacha. Alinitazama mikono kwanza.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, mzee."

"Unajua ile reli ilifikaje pale?"

Sikujua. Nilikuwa nimeichomelea kama mtu anayefunga kuku miguu, sijui hata ni kuku wa nani.

Akanieleza. Zamani hizo Nairobi ulikuwa mji wa walowezi. Kanisa la mjini lilikuwa na kengele iliyoletwa na meli kutoka kwao. Wafanyakazi wa reli walikwenda kule Jumapili, na viti vikijaa wazungu wenyewe, wao walisimama nyuma, na nyuma ikijaa walisimama nje juani, wanasikia misa kupitia dirishani. Padre mmoja mwenye baiskeli akaona haya. Akaomba kipande cha ardhi huku kwenye nyumba za wafanyakazi, akapewa kile kilichokuwa kando ya mtaro, ambacho hakuna aliyekitaka. Mawe wakayachonga wenyewe baada ya zamu. Madirisha wakayatengeneza karakanani, kila mmoja akaweka nukta zake.

"Wale ninaowasalimia!" nikasema.

"Nukta tatu ni za baba yangu," akasema, na hakuona nilivyoshtuka. "Sasa, kanisa likasimama, halina kengele. Padre akaandika barua kwa wakubwa, akajibiwa kengele ni za mjini. Baba yangu akasema, sisi kengele yetu tunailaza chini kila siku, treni inapita juu yake. Wakaomba kipande cha reli kilichotupwa. Wakakibeba watu wanane mabegani, Jumapili asubuhi, kutoka karakana mpaka hapa. Njiani askari akawasimamisha. 'Mnapeleka wapi reli?' Baba akamwambia, 'Tunaipeleka kusali.'"

"Askari akasemaje?"

"Aliwafuata nyuma mpaka hapa ahakikishe. Akakaa misa nzima. Baadaye akabatizwa, na alikuwa akiimba vibaya sana."

Mama Truphosa akacheka mlangoni. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Ndivyo nilivyo, mnanijua.

"Sasa wewe," mzee akaendelea, "umeibana juu, umeibana ubavu. Mimi nikikukamata shingo na mbavu, nikuambie imba, utaimba?"

"Hapana, mzee."

"Reli inaning'inizwa. Haishikwi. Na si popote. Baba alitafuta mahali pake."

Akanieleza jinsi ya kupatafuta, na hii ndiyo niliyotaka iwafikie nyinyi mwishowe, kwa hivyo acheni simu kidogo. Lazeni chuma juu ya vitu laini viwili, tairi kuukuu zinatosha. Mmoja apige polepole katikati. Mwingine aweke ncha ya kidole juu ya chuma, bila kukandamiza, akitembea nacho kutoka mwisho kuja ndani. Mwanzo kidole kitawashwa kama kimeguswa na nyuki. Endelea. Kuna mahali, karibu robo ya urefu, mwasho unalala. Chuma chote kinatetemeka, pale kimetulia. Hapo ndipo pa kutoboa, kwa sababu ukikishika hapo hukizuii.

"Kitobo cha baba kipo," akasema. "Utakiona."

Nikaficha mikono mapajani.

"Kipo?"

"Nilikijaza, mzee. Nilikiona kibaya."

Alivuta blanketi mpaka kidevuni. "Kesho ni Ijumaa," akasema. "Mimi nitakuwa hapa. Siendi mahali."

Fundi Mutiso alirudi jioni ile. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha picha ya mshono kwenye simu. Aliiangalia akaniuliza swali moja tu: "Uliugonga?"

"Sikuugonga."

"Haya."

Hakunikemea zaidi, na ningefurahi kama angenikemea.

Saa moja asubuhi tulikuwa pale na grainda ya kukatia. Niliwasha mwenyewe, kwa sababu alikataa kunishikia. Nikaukata mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kuvuta, cheche zikanirukia gauni, kwa haraka nilikuwa nimelivaa tena nikasahau nguo za kazi. Tukailaza reli juu ya tairi mbili uani. Mutiso akapiga, nami nikafumba macho nikatembeza kidole. Kikawashwa. Kikawashwa. Kikawashwa. Halafu, wanangu, kikalala. Nikafungua macho. Kidole kilikuwa juu ya kile kipande laini nilichokisaga, juu ya kitobo cha baba yake Barasa, palepale.

Mutiso akaangalia kidole changu, akaangalia mbali. "Toboa," akasema.

Kile nilichokijaza kilikuwa kigumu kuliko reli yenyewe. Nilivunja biti mbili za kutobolea. Jua likapanda. Katekista akawa anatoka na kuingia akitazama saa yake, mpaka Mutiso akamwambia, "Bwana, hata ukiitazama hivyo haitasimama." Saa tano na nusu kitobo kikafunguka, hakikuwa duara zuri, lakini kilikuwa wazi. Tukapitisha mnyororo mnene, tukaulegeza reli icheze. Halafu wezi? Nikachomelea pete za mwisho za mnyororo pamoja kwenye chuma cha juu ya nguzo. Mnyororo nikaufunga pale juu. Reli nikaiacha.

Saa sita kasoro dakika tano Mutiso akachukua nyundo mkononi mwa katekista. "Nenda kwa mzee," akaniambia. "Kaone kama atakula. Mimi nitapiga."

Nilikimbia. Mama Truphosa alikuwa amemwekea sahani kwenye kigoda kando ya kitanda, ugali na mrenda na samaki mdogo, imefunikwa. Mzee amegeuza uso ukutani. Nilisimama mlangoni na masizi yangu nikisali bila maneno.

Ikalia.

Sijui niwaandikie vipi. Si ding wala dong. Ni kama chuma kilichovuta pumzi ndefu sana, kikaitoa juu ya mabati ya mtaa wote, ikapita Burma, ikarudi. Tatu. Kimya. Huko nje nikasikia jirani akizima redio. Tatu. Kimya. Midomo ya Mzee Barasa ikaanza kusogea. Tatu. Kimya. Halafu zile nyingi mfululizo.

Alimaliza kusali, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Anayepiga ni Mkamba," akasema. "Anapiga kama anayechonga." Kisha akageuka upande wetu taratibu, nyonga ikimuuma, akafunua sahani. "Mama Truphosa, chakula kimepoa."

"Kimepoa tangu Jumanne," Mama Truphosa akasema, akaichukua akaenda kupasha, na pale jikoni nikamsikia akipenga kamasi kwa leso.

Alikula chote. Samaki alimla mpaka kichwa. Vidonge akameza. Aliishi miaka mingine sita, na nilipokuwa nikipita alinidai ripoti ya mnyororo. Alipofariki nilimpigia kengele mimi, polepole, moja moja, jinsi alivyonifundisha, na mama wa mandazi alizima jiko lake mpaka nikamaliza.

Mnaniuliza sasa ninafanya nini na macho haya. Macho hayahitajiki kwa kazi niliyo nayo, nyundo mkononi kila saa sita. Mama Truphosa bado yupo chumba kile kile, na bado hafunui sahani mpaka asikie.

Mkitaka kujifunza kazi, nendeni pale kikanisani mkaingize vidole kwenye kile kitobo. Mtasikia upande mmoja ni laini, mviringo wa zamani, umetobolewa na mtu aliyejua. Upande wa pili una kinundu kibaya, mabaki ya rodi yangu. Mutiso aliniambia nikisage nikakataa. Mkiulizwa ni fundi gani yule aliyeharibu, semeni jina langu, sitaona haya.

Ila msiende saa sita. Saa sita hapo pananihusu mimi.